Rubani si Nahodha: Kwa Anayetaka Kazi ya Ushauri wa Fedha

Meli kubwa ikikaribia bandari ya Tanga haijiingizi yenyewe. Rubani wa bandari huifuata nje kwa boti, hupanda ngazi ya kamba hadi juu, akasimama ubavuni mwa nahodha na kumwonyesha: hapa pana kina, pale pana fungu. Meli ikishafungwa kamba gatini, rubani hushuka akaenda zake kunywa chai. Meli si yake, shehena si yake, na hakuna atakayekumbuka sura yake. Ila siku meli ikipanda mwamba, jina lake litatajwa mpaka Raskazone.

Kazi ya ushauri wa fedha iko hivyo hivyo. Unaingia kwenye chombo cha mtu, unamwonyesha njia, unashuka. Vijana wananijia, wengi wametoka chuo na shahada ya uhasibu au ya benki na fedha, na swali lao ni moja: "Kaka, ushauri elekezi unalipa?" Huwajibu kwamba unalipa, unachelewa kulipa, na mara nyingine unakulipa kitu ambacho hukukitarajia. Jibu hilo halimtoshi mtu anayetaka kuacha mshahara wa mwisho wa mwezi, kwa hiyo leo naliandika kwa kirefu.

KAZI YENYEWE NI IPI

Ukisikia "mshauri wa fedha" huenda unawaza maghorofa ya Dar es Salaam na makampuni ya kimataifa kama PwC, Deloitte, KPMG na EY. Wapo, na wana kazi kubwa za benki, kampuni za simu na wizara. Lakini kazi nyingi ya huku kwetu, kuanzia Pangani hadi Horohoro, ina sura nyingine. Leo SACCOS ya walimu inataka sera ya mikopo. Kesho AMCOS ya wakulima wa mkonge Korogwe inataka kujua makato ya kila tani yanakwenda wapi kabla mkulima hajashika chake. Kesho kutwa mfugaji wa Muheza, ambaye maziwa yake yanaishia kiwanda cha Tanga Fresh, anataka mkopo wa ng'ombe wa pili, na mwenye nyumba ya wageni Pangani anataka andiko la kupeleka benki.

Kabla yetu alikuwepo kijumbe. Yule mama wa mtaani, Ngamiani au Makorora, aliyekusanya pesa za upatu, akijua nani apewe mwanzo na nani awekwe mwisho kwa kuwa ni mzito wa kutoa. Alikuwa mshauri, mtunza fedha na mkaguzi kwa mpigo. Cheti hakuwa nacho, ila alikuwa na kitu ambacho wengi wetu tunakitafuta mpaka leo: watu walijua kesho asubuhi watamkuta pale pale mlangoni kwake.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ndiyo iliyotuletea kazi nyingi. Inawapanga watoa huduma katika madaraja manne: taasisi zinazopokea amana, wakopeshaji wasiopokea amana, SACCOS, na vikundi vya kijamii kama VICOBA. Msimamizi mkuu ni Benki Kuu, lakini SACCOS huangaliwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na vikundi huangaliwa na halmashauri. Mtu aliyezoea kukopesha kutoka kwenye droo ya duka ghafla akahitaji leseni, sera ya mikopo na hesabu zinazosomeka. Kikundi kilichozoea daftari la kurasa 96 kikahitaji katiba na usajili. Wa kuwasaidia kuandaa hayo ndiye wewe.

UTAMU WAKE

Mwezi Februari 2024 mamlaka yetu ya maji, Tanga UWASA, ilizindua hatifungani ya kijani ya miaka 10 yenye thamani ya shilingi bilioni 53.12, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Fedha zilikusudiwa kupanua miundombinu ya maji yanayotoka bwawa la Mabayani, kwenye mto Zigi. Wanunuzi walileta bilioni 54.72, yaani asilimia 103 ya kilichoombwa, na mwaka huo huo hatifungani ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Kwa mkazi wa Chumbageni hiyo ni habari ya bomba. Kwa mtu wa kazi yetu ni habari ya makaratasi: hesabu zilizokaguliwa za miaka ya nyuma, makadirio ya mapato ya bili, waraka wa matarajio, idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, wanasheria, madalali wa soko. Fanya hesabu ya haraka: riba ya mwaka mmoja juu ya bilioni 53.12 ni karibu bilioni 7.2. Kuna watu walilazimika kukaa chini na kujiuliza kama bili za maji za mji huu zinaweza kubeba mzigo huo, kiangazi na masika, mwaka hata mwaka. Majina yao hayamo kwenye jiwe la msingi. Lakini mmoja wao akipita mtaani akakuta watoto wanakinga ndoo, anajua moyoni kwamba na yeye yumo.

Huo ndio utamu wa kwanza: unagusa mambo makubwa kuliko mfuko wako. Utamu wa pili ni elimu. Kila daftari la mteja ni dirisha. Kupitia madaftari ya watu utajua mkonge unalipaje, mwani unauzwaje, lori linakaa saa ngapi mpakani na nani anagharamia hizo saa. Mfanyakazi wa benki moja anaijua benki yake. Wewe baada ya miaka mitano unaujua uchumi wa pwani nzima kutoka jikoni.

Utamu wa tatu ni uhuru, ingawa huo nauweka mwisho kwa makusudi. Vijana wengi hudhani ndio wa kwanza, mpaka wagundue kwamba aliyemkimbia bosi mmoja amejipatia mabosi tisa.

UCHUNGU WAKE

Tuanze na pesa, maana ndiyo swali lenyewe. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha tarehe 30 Juni. Mei na Juni simu haikauki, kila ofisi inataka kazi ikamilike kabla vitabu havijafungwa. Julai kimya. Agosti kimya. Septemba unaanza kumkwepa mwenye nyumba. Ankara uliyopeleka Juni inaweza kulipwa Novemba, na kila ukipiga simu unaambiwa jalada liko kwa mkubwa. Mshauri wa fedha anayeshindwa kupanga fedha zake mwenyewe si kichekesho cha kubuni, tupo wengi. Kanuni yangu ni hii: usiache ajira kabla hujaweka akiba ya matumizi ya nyumbani ya miezi sita. Nilianza na miezi miwili, nikajuta.

Uchungu wa pili ni safari. Mji wetu una jina lake la utani, waja leo waondoka leo, na washauri ndio wanaolistahili kuliko watu wote. Mtu anapanda basi la alfajiri kutoka Dar es Salaam, anafika saa nane mchana, anaongea na meneja kwa saa moja, anapiga picha na wanachama, kesho yake yuko barabarani. Baada ya wiki mbili inakuja ripoti ya kurasa 80 ambayo ingefaa chama chochote popote, ukibadilisha jina tu. Na sisi wa hapa hapa hatuko salama: wiki hii Lushoto, wiki ijayo Mkinga, watoto wanakuona kama mgeni wa Jumapili.

Uchungu wa tatu ndio mkubwa, nao unahusu neno moja la Kiswahili: changamoto.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi na chama kimoja cha akiba na mikopo. Sitataja jina wala wilaya. Nilikuta mikopo chechefu mingi, na mingi katika hiyo ilikuwa ya viongozi wenyewe. Niliandika hivyo. Mwenyekiti, mtu mzima, akanikaribisha kwake chakula cha mchana, tukala vizuri, kisha akasema kwa upole: "Mwanangu, hii sentensi itavunja chama. Si ungeandika tu kwamba kuna changamoto katika urejeshaji?" Nikajiambia mzee ana hekima, na malipo ya awamu ya mwisho bado yako mkononi mwake. Nikaandika changamoto. Mwaka uliofuata wanachama walisimama foleni kudai akiba zao na dirisha halikufunguliwa. Mmoja wao alikuwa mwalimu wangu wa darasa la tano. Alinisalimia kama kawaida, akaniuliza, "Wewe si ndiye uliyekuja kukagua?" Sikuwa na jibu, sina hadi leo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiliwinda neno hilo katika ripoti, zangu na za wenzangu. Hasara imeitwa changamoto. Wizi umeitwa changamoto ya udhibiti wa ndani. Deni lisilolipika limeitwa changamoto ya mtiririko wa fedha. Mteja hakukulipa umpambie maneno. Hayo anayapata bure kwa wapambe wake.

Na si ugonjwa wa kwetu peke yetu. Mwaka 2017 KPMG ya Afrika Kusini, kampuni yenye wataalamu wa kila aina, ililazimika kuyafuta hadharani matokeo ya ripoti yake kuhusu mamlaka ya mapato ya nchi hiyo, na kuahidi kurudisha randi milioni 23 ilizolipwa. Ripoti ile ilikuwa imetumika katika vita vya kisiasa, na kampuni ikapoteza wateja na viongozi wake wa juu. Kama jina la ukubwa ule linaweza kupanda mwamba, la kwako lenye kompyuta moja na muhuri mmoja litasalimikaje?

SASA USHAURI WENYEWE

Jifunze kalenda ya pesa ya mteja kabla ya kugusa kikokotoo. Hapa nitakawia kidogo.

Nenda Deep Sea asubuhi, pale samaki wanaposhushwa. Nilikwenda na kijana mmoja mwanafunzi wangu kumwona mmiliki wa boti ya dagaa aliyekuwa amezidiwa na marejesho. Kijana akatoa karatasi yake.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo kwenye ndoo."

"Ami, nimeona umechelewa marejesho ya wiki hii na ile iliyopita. Tatizo ni nini?"

Mzee akamtazama, akatazama juu. "Tatizo ni mwezi."

"Mwezi huu?"

"Mwezi ule." Akaonyesha angani. "Dagaa tunamvua kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa yangu ni kazi bure, vijana wanashona nyavu. Benki wanataka kila Jumatatu. Mwezi hauijui Jumatatu."

Tuifanye hesabu yake kwa mfano rahisi. Chukua mkopo wa shilingi milioni 6 kwa miezi sita, kwa asilimia 3.5 kwa mwezi, kiwango cha juu ambacho Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana. Riba ikihesabiwa juu ya mkopo wote bila kupungua, ni 210,000 kwa mwezi, jumla 1,260,000. Deni zima 7,260,000. Ukiligawa kwa wiki 24, kila Jumatatu 302,500. Lakini katika kila wiki nne za mvuvi huyu, moja haina dagaa. Katika wiki 24, sita ni za kushona nyavu. Kila zinapofika, analipa faini ya kuchelewa au anakopa kwingine kulipa hapa, na mkopo wa pili ndio unaomzamisha.

Gawa deni hilo hilo kwa wiki 18 za giza: inakuwa 403,333 kwa wiki yenye samaki, na sifuri kwa wiki ya mbalamwezi. Mkopeshaji hakupoteza hata senti, na mvuvi amepumua. Kilichobadilika ni tarehe tu. Bado kuna kusi, miezi ya upepo mkali ambapo boti ndogo hazitoki kila siku, na hiyo nayo iwekwe kwenye karatasi. Mkulima wa mwani anafuata bamvua, mkulima wa machungwa Muheza anafuata msimu wake, mwalimu anafuata mshahara. Andiko lenye marejesho sawa kila mwezi kwa watu wote limeandikwa na mtu asiyetazama juu.

Riba usiichukulie juu juu. Pwani hii ina Waislamu wengi, na kwa wengi wao riba ni suala la dini kabla ya kuwa suala la hesabu. Nimewaona washauri wakimwambia mama, "Hiyo si riba, ni gharama ya huduma," kama vile mama hana akili. Mheshimu, mweleze njia zilizopo. Amana Bank, benki ya kwanza nchini kujiendesha kikamilifu kwa misingi ya Kiislamu, ilifungua milango mwaka 2011, na baadhi ya benki nyingine zina madirisha ya namna hiyo, kama Al Barakah ya CRDB iliyoanza 2021. Mweleze murabaha kwa lugha ya sokoni: benki inanunua mashine, inakuuzia kwa bei ya juu inayojulikana tangu mwanzo, unalipa kidogo kidogo, bei haipandi. Kisha mwonyeshe bei hiyo ikilinganishwa na mkopo wa kawaida, aamue mwenyewe. Wewe usitoe fatwa, hiyo ina wenyewe.

Ipo pia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarudi 2024. Vikundi vingi hukosa fedha hizo kwa sababu ya andiko bovu. Hapo ndipo kazi ya siku mbili ya mshauri inaweza kuwaokoa watu na mikopo ya kausha damu.

Jua mlango gani una leseni. Kuna kazi unaweza kufanya kwa ujuzi wako tu, na kuna kazi ambazo sheria inadai kibali. Huwezi kusaini hesabu kama mkaguzi bila kusajiliwa na NBAA. Huwezi kujitangaza mshauri wa uwekezaji wa hisa na hatifungani bila leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Na kabla hujampeleka mteja kwa mkopeshaji, tazama kama mkopeshaji huyo yumo kwenye orodha ya Benki Kuu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Nyingine zilikuwa maarufu kwa kuwapigia simu wakwe na majirani wa mkopaji. Mshauri aliyempendekezea mtu programu ya namna hiyo atajificha wapi?

Wazee wa kazi hii wanaikumbuka pia DECI, ile michezo ya kupanda na kuvuna iliyowakusanya maelfu ya watu mpaka serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Mambo ya namna hiyo hurudi kila baada ya miaka michache na jina jipya, sasa hivi kwa makundi ya simu. Watakuomba uje "kutoa mada ya ujasiriamali" kwenye uzinduzi, posho nono, fulana bure. Wanachonunua pale ni uso wako. Usiuuze.

Usipendekeze amana zote ziwekwe mahali pamoja. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa mpigo kwa upungufu wa mtaji, na bima ya amana wakati huo iliishia shilingi milioni 1.5 kwa mteja. Baadaye kiwango kilipandishwa hadi milioni 7.5, lakini kikundi chenye milioni 40 benki moja bado kina la kujiuliza. Ni wajibu wako kukiuliza kabla hakijajiuliza chenyewe.

Mkataba kwanza, urafiki baadaye. Huku kwetu watu wanajuana, na kudai maandishi kunaonekana kama dharau. Zoea kusema, "Mama, naandika ili mimi nisisahau." Hadidu za rejea ziwe wazi: utafanya nini, hutafanya nini, lini, kwa bei gani. Malipo yagawe awamu tatu: ya kuanzia, ya rasimu, ya mwisho. Awamu ya mwisho iwe ndogo, usizidishe robo. Kumbuka yule mwenyekiti na chakula chake cha mchana: kadiri awamu ya mwisho inavyokuwa kubwa, ndivyo kalamu yako inavyokuwa mkononi mwake.

Na kodi usiisahau. Kampuni au taasisi inayokulipa huduma za kitaalamu hukata kodi ya zuio asilimia 5. Kazi ya milioni 4 itakufikia milioni 3 na 800,000. Ile 200,000 haijapotea, dai cheti chake, maana inahesabika kwenye kodi yako ya mwaka. Nawajua watu waliolipa kodi hiyo mara mbili kwa uvivu wa kufuatilia karatasi. Uliza TRA mapema kuhusu VAT pia, kwa kuwa watoa huduma za kitaalamu hawasubiri kufikisha kiwango cha mauzo kama mwenye duka.

Usile kwa pande zote mbili. Ukishajulikana, wakopeshaji watakuahidi asilimia kwa kila mteja utakayempeleka. Inaonekana pesa rahisi, tena hakuna anayeumia. Lakini siku mvuvi wako atakapojua kwamba ulimpeleka kule kwa sababu ulilipwa, kila neno ulilowahi kumwambia litakuwa la uongo, hata lile la kweli. Kama ni lazima upokee, mwambie mteja mapema na kwa maandishi. Utashangaa jinsi mwenyewe utakavyoona haya kuandika.

Siri ya mtu ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 sasa inakubana kisheria, lakini mji mdogo unakubana zaidi. Ukisema barazani kwamba fulani ana deni, neno litamfikia mkewe kabla hujamaliza kahawa. Usibebe majalada ya wateja kwenye kompyuta isiyo na nywila, na usitume hesabu za chama kwenye kundi la simu "kwa haraka tu".

Andika ili watu wasome. Ripoti ya Kiingereza ya kurasa 80 kwa chama ambacho wanachama wake wanaongea Kiswahili, Kibondei na Kisambaa inawafaa wachache wanaotaka isisomwe. Toa kurasa tatu za Kiswahili chepesi: hali ikoje, hatari iko wapi, nani afanye nini kufikia lini. Zibandike kwenye ubao wa chama. Ukiona uongozi unapinga zisibandikwe, tayari umeshapata sehemu ya jibu la ripoti yako.

Mwisho, jua wakati wa kushuka. Wapo washauri wanaojifanya hawana mbadala, kila mwezi wanamtengenezea mteja hesabu zile zile bila kumfundisha mhasibu wake. Huo ni ukupe. Kazi nzuri ni ile ambayo ukirudi baada ya mwaka unamkuta binti aliyekuwa karani anafunga hesabu za mwezi peke yake na anakusahihisha wewe. Hatakuita tena kwa kazi ndogo, ni kweli. Ila ataleta wenzake watatu, na hao ndio mtaji wako.

JE, INAFAA?

Kama unataka uhakika wa tarehe 25 ya kila mwezi, baki ulipo, wala hakuna aibu. Benki, SACCOS na halmashauri zinahitaji watu waaminifu ndani kuliko zinavyohitaji washauri nje. Kama unaweza kuvumilia miezi mikavu, ukapenda madaftari ya watu wengine, na ukaweza kumwambia anayekulisha kwamba chombo chake kinaelekea kwenye fungu, njoo. Nafasi ipo. Bandari imepanuliwa, meli ambazo zamani zilipakuliwa mbali kwa matishari sasa zinafunga gatini, bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda linaishia Chongoleani, na kila penye pesa mpya pana watu wanaohitaji mtu wa kuwaambia ukweli kuhusu pesa hiyo.

Nina ombi moja tu. Kabla hujasaini ripoti yako ya kwanza, tafuta mwanachama mmoja wa kawaida ambaye akiba yake imo humo, umsomee kwa sauti. Sentensi itakayokutia haya kuisoma mbele yake, ifute, uiandike upya.